Kwa Nini Hawaji Barazani

Rahel mwanangu,

Nakuandikia mchana huu kwa sababu nyumba imetulia. Umekwenda kuwaaga watu wa upande wa baba yako, na najua shangazi yako Lusiana hatakuacha utoke kabla hujala. Kesho tutashuka pamoja mpaka Makambako ukapande basi la Iringa, na njiani hatutaweza kuongea. Mimi nitakuwa na sanduku lako kichwani, wewe utakuwa na mawazo yako, na tukifika penye basi nitaona haya kusema mambo haya mbele za watu. Utayasoma ukiwa umekaa, mbali nami, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Sitakuandikia habari za nguo wala chakula wala marafiki wa kuchagua. Umekaa bweni la misheni tangu ukiwa mdogo na umejitunza vizuri kuliko nilivyokutunza mimi. Nataka kukujibu jambo moja ulilolisema juzi.

Ulikuwa unakunja blanketi. Nilikuuliza, kwa kuwa kazi ya Bibi Maendeleo, ya kuwahimiza wanavijiji, mimi naijua kwa mbali tu, "Ukishamaliza chuo, ukapelekwa kijiji cha watu usiowajua, utaanzia wapi?"

Ukanijibu bila kuinua macho, "Kazi ngumu ni kuwatoa watu majumbani, mama. Hawapendi mikutano. Ukiwaita wajadili mambo yao wenyewe hawaji. Wanangoja serikali iwafanyie."

Nilitoka nje nikaenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Uliyasema kwa upole, kama mtu anayerudia alichosikia kwa walimu wake. Sikukukasirikia wewe. Lakini nilikumbuka kwamba wakati mambo ya hapa yalipotokea ulikuwa mtoto wa kubebwa, na umeyasikia vipande vipande, kingine kwa majirani, kingine kwa wenzako wa shule waliokutania kwa jina la baba yako. Basi yasikie kwangu yote kwa pamoja.

Zamani hizo watu wa hapa walikuwa wanakuja barazani. Walikuja wengi mno. Siku Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, alipopanda kutoka Njombe kutangaza kwamba serikali inataka baraza jipya, lenye wajumbe watakaochaguliwa na wananchi badala ya majumbe, wakuu wa vijiji, na wazee wao peke yao, uwanja wa kanisa ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye matuta ya viazi ya mchungaji. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kuumiza masikio, na hakuna aliyeondoka. Wanaume wa Mdandu walitembea kuja kusikiliza, ingawa kwao angefika siku nyingine.

Bwana Shauri alisema kwa Kiswahili chake cha kuvutavuta, "Serikali haiwezi kujua shida zenu msipozisema. Chagueni mtu mnayemwamini. Yeye atakuwa mdomo wenu."

Wakamchagua baba yako.

Yoeli hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa seremala wa misheni, milango yote ya usharika huu alitengeneza yeye. Walimchagua kwa sababu alikuwa anapita kila nyumba kupima miimo na kurekebisha bawaba, na kila nyumba alikaa akasikiliza. Alikuwa na kicheko kikubwa, kilimtangulia njiani. Watoto wakisikia salamu yake ya "Kamwene!" bondeni walijua nani anakuja kabla hawajamwona. Nilifurahi alipochaguliwa. Nilipika ugali wa sherehe na kuku, nikawaalika majirani, na nilijiona mke wa mtu anayesikilizwa. Nilidhani kuwa kuitwa kwenye baraza la wilaya na kusikilizwa huko ni kitu kimoja. Ilinichukua muda mrefu kuvitenganisha.

Shida yetu kubwa ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Mgonjwa akizidiwa hapa alibebwa kwa machela mpaka Njombe. Wanaume wanne mbele na nyuma, wengine wa kuwapokea, na mto katikati. Masika wengi hawakufika. Shangazi yako Lusiana alikuwa na binti, Anna, ambaye leo angekuwa mama mzima. Alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati mto umejaa. Walingoja ukingoni maji yapungue. Yalipopungua hakukuwa na haja ya kuvuka.

Yoeli aliwasilisha ombi la zahanati kwenye kikao cha kwanza cha baraza jipya. Akaambiwa limeandikwa. Kikao cha pili, limeandikwa. Alirudi hapa akawaambia watu, "Limeandikwa," na watu wakapiga makofi, kwa sababu wakati ule tulikuwa bado tunaamini neno hilo.

Kisha Bwana Shauri akaja tena. Safari hii alitaka kuwasikia wananchi wenyewe, hata wanawake. Karani wake alitangaza hivyo, "hata wanawake," na wanaume wakacheka. Tuliketi upande wetu na watoto migongoni. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, ulikuwa na kikohozi.

Lusiana akasimama.

Unamjua alivyo sasa, mnene na mpole. Wakati ule alikuwa mwembamba na alisema kidogo sana. Kiswahili hakukijua vizuri, kwa hiyo alisema Kibena, na karani akawa anafasiri. Karani huyo alikuwa kijana wa hapa hapa, Mbena mwenzetu, aliyesoma. Nataka ulikumbuke hilo, maana siku hizi nasikia vijana mkisema kwamba tukijitawala kila kitu kitanyooka. Labda. Lakini aliyekuwa katikati ya mdomo wa Lusiana na sikio la Bwana Shauri hakuwa Mwingereza.

Lusiana alisema polepole, "Mmetuita tuseme. Mwaka jana pia mlituita, tukasema. Wakati ule mwanangu alikuwa hai. Nataka kujua yale tuliyosema mwaka jana mliyapeleka wapi."

Karani akageuka kwa Bwana Shauri, akasema kwa Kiswahili, "Mama huyu anaishukuru serikali kwa kuwajali wananchi. Anaomba dawa kwa ajili ya watoto."

Bwana Shauri akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwambie tumesikia."

Mimi Kiswahili nilikuwa nacho, nilikisoma kwa masista wa misheni. Nilisimama na wewe mgongoni. Nikasema, "Bwana, hakusema hivyo."

Karani akanitazama. Baba yako, aliyekuwa ameketi mbele pamoja na wajumbe, akageuka naye. Nikayafasiri maneno ya Lusiana kama yalivyokuwa, neno kwa neno, na mpaka leo siyasahau. Nilipomaliza, Bwana Shauri alitabasamu, akamwambia karani jambo kwa Kiingereza, wakacheka kidogo wote wawili. Kisha akanijibu, "Asante, mama. Wanawake wa huku wana maneno."

Ndiyo lilikuwa jibu la swali la Lusiana. Alikaa chini akajifunika khanga usoni. Nilipomshika mkono ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Hata hivyo kitu kilitokea. Kabla hajaondoka, Bwana Shauri alisema serikali iko tayari kuwasaidia wanaojisaidia. Mkifyatua matofali na kuyachoma, baraza litatoa mabati, milango na dresa wa kukaa hapa, wa kufunga vidonda na kutoa dawa na kupokea wazazi. Akaelekeza kwa fimbo yake sehemu tambarare juu ya kanisa. "Pale panafaa?" Watu wakaitikia kwa sauti moja kwamba panafaa.

Rahel, unaposikia kwamba watu hawapendi kushiriki, ungewaona msimu ule. Baba yako alipita nyumba kwa nyumba. Hakumlazimisha mtu. Aliwaambia, "Nimeahidiwa mbele yenu, mmesikia wenyewe. Tufanye sehemu yetu wasipate pa kushika." Wanaume walikanyaga udongo mpaka magoti. Sisi wanawake tulibeba maji kutoka bondeni, mtungi juu ya mtungi, na kuni za kuchomea, na jioni tukarudi majumbani kuanza kazi zetu. Wakatoliki wa ng'ambo ya mto walituletea kuni za miti yao bila kuitwa, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Mzee mmoja kipofu alikaa kwenye tanuru siku zote akigonga matofali yaliyopoa kusikiliza mlio wake, akifurahi kama mtoto. Lusiana ndiye aliyefanya kazi kuliko wote. Alibeba maji kama mtu anayelipiza.

Tanuru lilipofunguliwa matofali yalitoka mekundu mazuri. Tukayapanga pale juu ya kanisa, tukayafunika nyasi kwa sababu ya mvua, tukangoja.

Tulingoja masika, tukangoja kipupwe. Baba yako kwenye baraza aliambiwa mabati yamechelewa pwani. Akaja kutuambia. Wengine wakaanza kumuuliza njiani, mwanzoni kwa utani.

Kisha siku moja likaja lori. Watoto walikimbia kulipokea wakishangilia, kwa sababu walidhani limeleta mabati. Lilikuwa tupu. Waliokuwemo walishuka, wakatoa nyasi, wakaanza kupakia matofali.

Nilikuwepo. Baba yako alikuja mbio kutoka karakana na randa mkononi. Akamuuliza dereva, "Mnayapeleka wapi?"

"Makambako. Zahanati inajengwa Makambako, kando ya barabara kuu."

"Nani kasema?"

"Baraza limesema. Wewe si mjumbe? Hukuwepo?"

Hakuwepo. Kikao hicho hakuitwa, au barua haikufika, mpaka leo sijui. Na hao watu waliosimama kumzunguka, waliokanyaga udongo kwa sababu yake, walisikia hilo swali la dereva. Niliona nyuso zao zikigeuka. Hazikugeuka kwa dereva.

Mwanangu, nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na sasa nitakuambia kitu ambacho sijamwambia hata Lusiana. Huenda walikuwa na haki. Makambako ni njia panda. Magari ya kutoka Iringa, Mbeya na Songea yote yanapita pale, na watu wa vijiji vingi wanafika kwa urahisi. Huenda mtu alikaa na ramani akaona kuwa zahanati moja pale itaponya wengi kuliko zahanati moja hapa. Kama mtu huyo angekuja, akasimama pale juu ya kanisa, akasema, "Wenzangu, tumebadili mawazo, na sababu ni hii na hii," watu wangekasirika. Wangemtukana. Pengine wangekataa matofali yasiende. Lakini wangebaki kuwa watu ambao mtu alizungumza nao. Hakuja mtu. Lililetwa lori.

Hilo ndilo lililoua baraza hapa. Kukosa zahanati tulikwisha kuzoea.

Baba yako alikwenda bomani Njombe kuuliza. Akakalishwa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka wakafunga. Akalala kwa ndugu, akarudi asubuhi, akakalishwa tena. Karani yule yule alipita mbele yake akimwambia, "Bwana mkubwa ana kazi, mzee Yoeli." Safari ya tatu alionana na Bwana Shauri mpya, yule wa kwanza alikwisha hamishwa. Huyu mpya hakujua habari za matofali. Alimsikiliza kwa adabu, akamwambia ataandika.

Nikamshauri aache. Nilimwambia, "Umefanya yako, rudi kwenye milango yako." Alinijibu, "Hawanidai milango."

Baada ya miezi michache amri ikaja kutoka barazani: kila mwanaume mwenye nguvu atoke kutengeneza barabara ya lori, kazi ya kujitolea. Waliita hivyo, kujitolea, na asiyetoka atashtakiwa. Wajumbe wakatakiwa kwenda kuwahimiza watu wao. Baba yako alisimama katika kikao akasema hawezi kwenda kuomba watu wajitolee tena kabla hawajaelezwa yale ya kwanza. Hakutukana. Waliokuwepo waliniambia sauti yake ilikuwa ya chini. Wakamwita mchochezi. Akatolewa ujumbe, na kwa kuwa naye hakutoka kwenda barabarani, jumbe akamshitaki kwenye mahakama ya wenyeji, akafungwa.

Wakati yuko ndani, nilitegemea watu watakuja. Alikuwa amefungwa kwa ajili yao. Nilifagia uwanja, nikaweka vigoda nje. Walikuja wawili, Lusiana na yule mzee kipofu aliyeongozwa na mjukuu wake. Wengine walikwenda barabarani na majembe yao, na jioni walipopita mbele ya nyumba yetu waliinamisha vichwa, au wakaangalia upande wa pili. Mmoja wao, ambaye mlango wake baba yako aliutengeneza bila malipo, alisema kwa sauti nisikie, "Alitutumikisha bure, sasa naye atumike."

Nilimchukia mtu huyo kwa miaka. Siku hizi namwelewa zaidi, na bado simpendi. Angemkasirikia nani? Bwana Shauri alikuwa mbali, na alikwisha ondoka. Baraza halina uso. Uso waliokuwa nao ni wa Yoeli, ndiye aliyekuja nyumbani kwao, akala chakula chao, akawaambia mmesikia wenyewe. Yeye alikuwa mdomo wao, na siku maneno yalipogeuka uongo, uongo ulionekana umetoka mdomoni mwake.

Huo mdomo ndiyo kazi unayokwenda kufundishwa. Ndiyo maana nilikwenda kupasua kuni.

Alipotoka gerezani kicheko hakikurudi. Watu walimsalimu kwa adabu tu. Kazi za milango zilipungua, walikuwa wanamwita fundi wa Njombe. Kwenye pombe ya ulanzi akifika walinyamaza, akinywa kikombe chake akaondoka wanaanza tena kuongea. Siku moja aliniambia anakwenda Tanga kwenye mkonge, atarudi akipata kitu. Tulishuka naye Makambako. Lori la manamba, vibarua wa mkonge, lilikuwa linasubiri, na ng'ambo ya barabara zahanati ilikuwa imekwisha jengwa, imepakwa chokaa nyeupe, ina watu foleni. Baba yako aliitazama muda mrefu. Nikamsikia anasema, "Wameijenga vizuri." Kisha akapanda.

Hakurudi. Homa ilimshika huko, akazikwa huko, na aliyetuletea habari alikuwa mgeni aliyefanya naye kazi. Hayo unayajua. Unachoulizia kila mara ni kwa nini alikwenda wakati tulikuwa na shamba na ufundi. Ndiyo hiyo sababu. Haikuwa fedha.

Sasa nikuambie la pili, lisilofundishwa vyuoni kwenu, nalo si refu.

Lusiana hakungoja serikali. Jumapili moja baada ya ibada aliwazuia wanawake mlangoni mwa kanisa, akasema, "Machela tunayo. Miguu tunayo. Kinachokosekana ni nani anabeba siku gani." Wakapanga zamu. Wanaume wa kubeba, wanawake wa kwenda na mgonjwa, wa kubaki na watoto wake, wa kupalilia shamba lake. Wakatoliki wa ng'ambo wakapokea kutoka mtoni. Kila Jumapili Lusiana alianza kwa kueleza yaliyofanyika wiki iliyopita, mazuri na mabaya. Aliwaambia, "Juma hili tulichelewa kwa mama Tumaini kwa sababu mimi nilikosea zamu." Alisema hivyo mbele ya wote. Kisha akamtaka aseme kwanza yule asiyesema kamwe. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wenye maneno watasema tu. Huyu nikimwacha mwisho ataniambia yote yamekwisha semwa."

Mimi mwanzoni sikwenda. Nilikuwa nimefunga mlango wangu kwa watu hawa wote, nikidhani ninawaadhibu, kumbe nilikuwa nakaa gizani peke yangu na mtoto. Lusiana ndiye aliyekuja kunitoa, tena bila maneno mengi. Alinipa zamu. Siku ya zamu yangu nilimsindikiza mke wa yule jirani aliyesema atumike. Alijifungua salama. Jirani huyo hakuniomba radhi, nami sikungojea.

Hawakuwa wanaitwa barazani, na walikuja. Mvua, baridi, wakati wa kuvuna, walikuja. Kwa hiyo usiniambie watu wa hapa hawapendi kukutana.

Kisha habari zikafika Njombe, akaja Bwana Maendeleo na kamera. Alikuwa kijana mwema kweli, sitamsema vibaya. Alifurahi mno. Akasema hiki ni kikundi cha mfano, kisajiliwe, kiwe na mwenyekiti na katibu, kifundishwe ushonaji. Wakatuletea vitambaa. Wageni wakija Njombe tukaitwa kwenda kuimba. Mikutano ikahamishwa Jumatano mchana kwa kuwa ndiyo siku anayopata gari, wakati Jumatano mchana mwanamke gani wa hapa hayuko shambani? Aliuliza, "Mnaonaje?" lakini aliuliza huku amekwisha kufungua daftari na kalamu ikiandika. Wanawake wakamwitikia kila kitu, ndiyo bwana, ndiyo bwana. Alidhani wamekubali. Walikuwa wanamsindikiza tu.

Siku moja walikuwa Njombe wakiimbia wageni, na hapa mtoto akaungua kwa maji ya moto, na mwenye zamu alikuwa kwenye kwaya. Mtoto alipona, ana kovu, unamjua. Lusiana hakugombana na mtu. Alirudisha vitambaa, akarudisha mkutano Jumapili mlangoni mwa kanisa. Waliobaki naye ni wachache kuliko wa kwanza. Baadhi walipenda ushonaji, na siwalaumu. Ile Jumatano ilikufa yenyewe, na nadhani mahali fulani imeandikwa kwamba akina mama wa hapa hawana mwamko. Inawezekana walimu wako wamesoma hayo hayo.

Nimeandika mpaka mkono unauma, na bado najiuliza kama nakuzuia au nakuruhusu. Sikuzuii. Ulipopata nafasi hiyo nililia, ukadhani ni furaha, nikakuacha udhani. Una akili na una sauti ya baba yako, na ndiyo inayonitia hofu. Watakufundisha namna ya kuendesha kikao, nani akae wapi, namna ya kuandika yaliyosemwa. Jifunze, vyote vina faida. Lakini hawatakufundisha namna ya kurudi. Hakuna aliyewahi kuturudia, Rahel. Wote walikuja kuuliza. Kama siku moja utawapelekea watu jibu la hapana, ukasimama na kuhimili hasira yao mpaka iishe, utakuwa umefanya kitu ambacho mimi sijakiona katika maisha yangu. Na wakikupa ujumbe wa kupeleka juu, upeleke na ukali wake. Usiulainishe ili upendwe na wakubwa. Na usiwaahidi watu kitu ambacho kiko mikononi mwa mwingine, hata kama huyo mwingine amekuahidi kwa kicheko na fimbo yake ikielekeza mahali.

Sijui kama hata hayo yatakusaidia. Baba yako aliyafanya karibu yote.

Nimalizie na ya Jumapili iliyopita, wakati wewe ulikuwa umebaki nyumbani ukifua. Baada ya zamu kupangwa, nilisimama nikawaambia kwamba binti yangu anakwenda kusomea kazi ya Bibi Maendeleo. Mke wa yule jirani, ambaye siku hizi ni rafiki yangu kadiri inavyowezekana, akauliza bila ubaya, "Na akiletwa hapa kwetu, akatuita kwenye mkutano wa baraza?"

Wanawake waliangalia chini, mmoja akaanza kufunga upya mtoto wake mgongoni ingawa alikuwa amefungwa vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama kama mshitakiwa.

Lusiana akasema, "Tutakuja mara moja."

Nikamshukuru. Nilidhani amesema kwamba hawatachelewa.

Akanitazama kwa huruma kidogo. "Hujanielewa, mke wa Yoeli. Nimesema mara moja. Ya pili itakuwa juu yake."

Basi uende, mwanangu. Popote watakapokupeleka, sidhani kama watu wa huko watakupa zaidi ya hiyo.

Mimi mama yako,
ninayesikia sauti yako bondeni sasa hivi, na sijaweka hata sufuria motoni.